Kalori za kwenye tredimili, zipigie hesabu mwenyewe

Wadau, kila siku jim naona mtu anashuka kwenye tredimili, anapiga picha skrini, halafu anaenda kula kulingana na ile namba. Ile mashine haipimi jasho lako wala pumzi, inachojua ni spidi ya mkanda, mwinuko na uzito uliouingiza, basi. Chukua simu upande wa kikokotoo twende.

Hatua ya 1. Ingiza uzito kabla hujaanza, na uangalie imeandikwa kg au lb, manake ukiandika 70 na mashine inasoma paundi inakuhesabu una kilo 32 hivi, kalori zinatoka chini ya nusu.

Hatua ya 2. Geuza spidi iwe mita kwa dakika. Kilomita 6 kwa saa ni mita 100.

Hatua ya 3. Tafuta oksijeni. Kama unatembea zidisha hizo mita kwa 0.1, kama unakimbia kwa 0.2, kisha ongeza 3.5 ambayo mwili unatumia hata ukiwa umekaa. Ndo fomula ya American College of Sports Medicine, chama cha Marekani cha tiba ya michezo. Hapa tunapata 13.5, yaani mililita kwa kila kilo kwa dakika.

Hatua ya 4. Zidisha kwa uzito wako. Kilo 70 inatoa mililita 945, na lita 1 ya oksijeni ni kama kalori 5, kwahiyo kalori 4.7 kwa dakika, nusu saa 142.

Hatua ya 5, mwinuko, na hapa naomba mnisikilize sana. Kwa kutembea, kwenye ile oksijeni ya hatua ya 3 unaongeza mita × mwinuko × 1.8, asilimia 5 iandike 0.05, kwahiyo inaongeza 9 nzima na nusu saa inaruka mpaka kalori 236 hivi. Lakini ukining'inia kwenye vile vishikio mikono ndo inabeba sehemu ya mwili, miguu inapumzika, na mashine inaendelea kukuandikia zilezile 236. Achia mikono! Kama huwezi, shusha mwinuko. Kwa kukimbia weka 0.9 badala ya 1.8.

Hatua ya 6. Toa kalori ambazo ungechoma hata kwenye kochi, kwa kilo 70 ni kama 37 kwa nusu saa, kwahiyo zile 142 za mwanzo zinabaki 105.

Spidi ikiwa kati ya kilomita 6 na 8 angalia miguu, kama kuna muda yote miwili inaachia mkanda tumia ya kukimbia.