Kuhaulisha nyumba na kuiweka rahani Zanzibar: maneno ya kuyajua kabla ya kutia saini

Anayenunua nyumba Zanzibar hanunui ardhi. Kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1992, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais; mtu hupewa, hurithi au hununua haki ya matumizi ya ardhi. Haki hiyo haina ukomo wa miaka, hurithiwa na huuzika, lakini ni ya Mzanzibari aliyetimiza miaka 18. Asiye Mzanzibari hupitia ukodishaji, wenye muda na masharti yake. Usifuate basi miongozo ya Dar es Salaam inayotaja hati za miaka 33, 66 au 99. Ardhi si jambo la Muungano, na fomu za Bara hazina kazi Unguja wala Pemba.

Kwanza, jua muuzaji ana nini mkononi

Omba kuona hati yenyewe, si kivuli chake. Barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa shehia, inaonyesha kwamba sheha anamtambua muuzaji au alishuhudia mauziano. Ni karatasi muhimu, lakini si hati, na rahani, yaani kuifanya nyumba dhamana ya mkopo, haisajiliwi juu yake. Eneo likiwa halijasajiliwa, kinachotangulia ni utambuzi: maofisa wa Kamisheni ya Ardhi hufika uwanjani, majirani na sheha wakaonyesha mipaka, pingamizi zikasikilizwa, ndipo jina likaingia kwenye daftari la Mrajis wa Ardhi, ofisa anayesajili haki za ardhi. Kama hati ipo, chukua namba yake uende ukaombe upekuzi wa daftari. Angalia mambo matatu: jina la mwenye haki, rahani ya zamani ambayo haijafutwa, na zuio, yaani maandishi yanayomkataza Mrajis asisajili uhamisho mpaka shauri fulani liishe. Kisha nenda na ramani ya upimaji mpaka kwenye mawe ya mipaka. Jiwe lililong'olewa na jirani halionekani kwenye karatasi.

Mirathi ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu zaidi. Nyumba ikiwa bado ina jina la marehemu, hakuna mtoto hata mmoja mwenye mamlaka ya kuiuza peke yake, hata kama ndiye aliyekaa na mzee hadi siku ya mwisho. Marehemu aliyeacha watoto, mjane wake ana thumuni (moja ya nane) na mama yake ana sudusi (moja ya sita), na kila mmoja kati yao anaweza kusimamisha mauzo. Dai hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahkamani, orodha ya warithi wote, na saini ya kila mmoja. Aliyeko Maskat au London asaini hati ya uwakala inayotaja nyumba hiyo hasa. Uwakala wa kusema tu "asimamie mambo yangu" hauruhusu kuuza. Mrithi akiwa mtoto mdogo, fungu lake haliguswi bila ruhusa ya mahkama. Kumruka mrithi kwa sababu "atakubali tu" ni kumdhulumu, na ni kununua kesi.

Kuna ardhi ambazo usizikaribie kwa mauziano ya kawaida. Wakfu hauuzwi wala hauwekwi rahani, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu. Ulizia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilitolewa kwa ajili ya kulima, si za kukatwa viwanja na kuuzwa. Na Pemba zaidi, shamba linaweza kuwa la mtu huyu na mikarafuu iliyomo ikawa ya mwengine. Mkataba utaje miti, kwa aina na idadi.

Pili, uhaulishaji

Mauziano ni makubaliano yenu wawili. Uhaulishaji ni kuhama kwa haki kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwengine kisheria, na Sheria Namba 8 ya mwaka 1994 inataka Bodi ya Uhaulishaji Ardhi iridhie kabla haki haijahama. Kwa hiyo andikeni kwenye mkataba kwamba sehemu kubwa ya bei italipwa baada ya idhini, na kwamba Bodi ikikataa, malipo ya awali yanarudishwa, kwa siku mtakazozitaja. Andikeni bei ya kweli. Bei iliyopunguzwa kwenye karatasi itakuumiza siku ya kudai fedha zako mahkamani, kwa kuwa utarudishiwa ile iliyoandikwa. Idhini ikitoka, kazi haijaisha: rudi kwa Mrajis jina libadilishwe. Anayeiweka idhini kabatini anabaki na nyumba ambayo daftari linasema ni ya mtu mwengine.

Tatu, benki

Ukinunua kwa mkopo wa benki, mthamini wa nyumba ataandika thamani mbili. Thamani ya soko ni bei ya muuzaji asiye na haraka. Thamani ya mauzo ya haraka ni ile benki itakayopata ikilazimika kunadi, nayo ni ndogo. Uliza mkopo unapimwa kwa ipi, maana pengo litatoka mfukoni mwako.

Halafu uliza riba inapigwa juu ya nini. Chukua mkopo wa shilingi 50,000,000 kwa miaka 10, riba asilimia 15 kwa mwaka. Ikipigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, utalipa karibu 1,041,700 kwa mwezi, jumla 125,000,000. Ikipigwa juu ya salio linalopungua, utalipa karibu 806,700 kwa mwezi, jumla karibu 96,800,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni zaidi ya milioni 28. Kwa hesabu hii ya pili, mwezi wa kwanza 625,000 ni riba, na deni lenyewe linapungua kwa kama 181,700 tu. Anayeuza nyumba mwaka wa pili hushtuka kuona deni karibu halijasogea.

Anayekwepa riba aulize murabaha: benki inanunua nyumba kwanza, kisha inakuuzia kwa bei ya juu iliyofungwa, ambayo haipandi hata ukichelewa kulipa. Usimlipe muuzaji kwa mkono wako kabla. Benki haitakuwa na kitu cha kununua, na mkataba unaharibika. Katika musharaka inayopungua mnamiliki pamoja, unalipa kodi ya fungu la benki huku ukilinunua kidogo kidogo. Uliza jina la nani litakaa kwenye daftari katika miaka hiyo.

Rahani yenyewe husajiliwa kwa Mrajis na hati hubaki benki. Ukimaliza deni, rahani haijifuti. Dai hati yako na barua ya kumaliza deni, vipeleke vyote viwili kwa Mrajis, na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba rahani imefutwa kwenye daftari.