Kusaka hamira bora kwa vitone: leza baadae, hesabu seli kwanza

Tuseme una hamira umeipiga mionzi ya UV ili jeni zake zibadilike, na unataka ile moja inayotema amilase (kimeng'enya kinachokata wanga) kuliko wenzake. Kwenye chupa huwezi kumjua, zote zinatemea supu moja. Kwenye kitone kidogo cha maji ndani ya mafuta kila seli inabaki na jasho lake, alafu leza inasoma kipi kinawaka zaidi, ndo maana ya kazi yote hii. Mwaka 2010 pale Harvard walipima vimeng'enya hivi mara milioni 100 kwa saa 10 tu, na kemikali haikufika hata maikrolita 150.

Kinachoharibu kazi sio leza, ni kupakia seli kwenye vitone. Kitone cha pikolita 20 (mikroni 34 hivi), hesabu seli zako kwa darubini alafu punguza mpaka milioni 5 kwa mililita, hapo vitone 90 kati ya 100 vitatoka vitupu, 9 vina seli moja moja, vyenye mbili ni vya kutafuta. Utaona unapoteza, utataka kuongeza seli, usiongeze! Ukiziongeza ziwe mara tatu ya hizo, kila vitone saba vyenye seli kimoja kina zaidi ya moja, mvivu anabebwa na mchapakazi. Na hamira inagandana mama na kitoto chake, so zitikise kwa sonikesheni (mawimbi ya sauti) kidogo, chuja, tazama tena. Pia zinazama kwenye sirinji, mwanzoni vitone vimejaa na baada ya nusu saa vitupu, weka OptiPrep kidogo, kimiminika kizito, zielee.

Chipu ya kutengenezea vitone ni ya PDMS (mpira wa silikoni), lazima mifereji yake ikatae maji, maabara nyingi wanapitisha Aquapel, ndio ileile dawa ya kufukuza maji kwenye vioo vya gari. Mafuta ni HFE-7500 (ya florini) yenye asilimia 2 ya safaktanti, kinachozuia vitone visiungane.

Kipimo ni wanga uliobandikwa rangi kwa wingi mpaka zinazimana, amilase ikiukata zinawaka. Epuka rangi ya resorufini, inavuja kitone hadi kitone. Jaribu hivi: tengeneza vitone vya rangi na visivyo na rangi, changanya, subiri muda uleule wa kuotesha, kama kwenye grafu ya mwanga wa vitone huoni vilima viwili vilivyoachana, usiendelee.

Ukichagua vitone kwa leza chukua asilimia moja inayowaka zaidi, vunja emalsheni (vitone ndani ya mafuta) kwa kemikali ya PFO seli zitoke, otesha, rudia raundi ya pili. Washindi wapeleke kwenye chupa upime amilase kwa kila seli, maana wengine waliwaka kwa sababu tu walizaana haraka.