Kumsaidia mzazi anyonyeshe, kutoka leba hadi kazini

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimefanya kazi katika wadi za wazazi hapa Mombasa, na siku hizi niko Kisauni, ambako wahamasishaji wa afya ya jamii hunipigia hodi wakikwama. Habari wanayokuja nayo ni ile ile: "Sista, kuna mzazi hana maziwa." Nikienda kumtazama, mara nyingi maziwa yapo. Kilichokosekana ni nafasi. Sista wa zamu alimtoa mtoto kifuani mapema, au mavyaa ameshachemsha maji, au bosi anapiga simu kuuliza anarudi lini. Basi mwongozo huu nawaandikia hao watatu. Mzazi mwenyewe ameshasemeshwa vya kutosha.

Leba

Ukiwa msimamizi wa wadi, anza hapa kabla hujaagiza mabango. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji mwaka 1989, zikafanyiwa marekebisho mwaka 2018. Zote zina kazi yake, lakini mimi ukinilazimisha kuchagua moja, nitachukua ya kumlaza mtoto kifuani mwa mamake mara tu anapozaliwa. Mpanguse, mweke ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili kwa leso kavu, uwaache. Kupima uzito na sindano ya vitamini K vinaweza kungoja; mizani haina miguu. Mtoto akiachwa hutulia, kisha huanza kuramba, kugeuza kichwa na kujisukuma akitafuta chuchu. Ndani ya saa moja wengi huwa wameshanyonya. Kazi yako ni kuhakikisha anapumua vizuri na pua haijazibwa. Zaidi ya hapo, nyamaza.

Najua utaniambia usiku uko peke yako na wazazi wawili wanasukuma. Ndiyo maana mzazi aruhusiwe kuingia na dadake au mamake. Huyo atamshika mtoto asiteleze wakati wewe unashughulikia kondo la nyuma. Na waliopasuliwa wasisahauliwe: aliyechomwa sindano ya mgongo yuko macho, anaweza kupewa mwanawe mapema akisaidiwa kumshika.

Wakati wa kumshikisha ziwa, usikamate kisogo cha mtoto ukakisukumia mbele. Atapinga, na wewe utasema ni mkaidi. Mgeuze mwili mzima, tumbo lake kwa tumbo la mama, pua ielekee chuchu, ungoje apanue kinywa kama anayepiga mwayo, kisha mlete haraka. Kidevu kiguse ziwa na mdomo wa chini ugeuke nje. Mama akikunja uso kwa maumivu kila mtoto anapovuta, hajashika sawasawa. Mtoe, uanze tena.

Kabla ya kumruhusu aende nyumbani, mwambie mambo haya mbele ya aliyekuja kumchukua, maana huyo ndiye atakayebishana naye. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya manjano, ni machache kwa kawaida, na yanatosha. Yale mengi hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Mtoto hupungua uzito kidogo, na hutakiwa awe ameurudisha kufikia wiki mbili. Anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwemo. Kuanzia siku ya tano nepi zilizolowa zifike sita au zaidi. Akiwa halowi, analala tu bila kuamka kunyonya, au macho yamekuwa manjano, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI naye hunyonyesha, mradi anameza dawa zake bila kukosa na mtoto anapewa zake.

Nyumbani

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008-09 ulikuta asilimia 32 ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 ikawa 61. Mwaka 2022 ikawa 60. Tulipanda vizuri, tukagota. Kwa maoni yangu tumegota sebuleni.

Mombasa hoja ni joto. "Mtoto ana kiu, tazama midomo yake." Kisha kijiko cha maji, kisha dawa ya tumbo ya dukani, kisha uji mwepesi mwezi wa tatu. Jibu ni fupi: karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Joto likizidi, mtoto anyonye mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji. Ukimjaza mtoto maji, tumbo linajaa bila chakula, ananyonya kidogo, na ziwa lisilonyonywa hupunguza kutengeneza. Wiki mbili baadaye kweli maziwa yamepungua, na mavyaa anasema, "Si nilikwambia?"

Kwa hiyo usimtumie mhamasishaji kijana aende kumsomesha mwanamke aliyelea watoto saba. Aingie na shikamoo, akae, aulize wajukuu wangapi, aulize wale wa zamani walinyonyaje. Kisha ampe kazi: "Bibi, wewe ndiye mlinzi. Mtu asimpe mtoto kitu mpaka miezi sita, hata mimi." Akishakuwa mlinzi hamtahitaji kurudi mara kwa mara. Na msiziguse mila zinazosaidia. Arobaini ni neema: mzazi anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, hafui wala haendi sokoni. Wengi wangetamani.

Mila ya Kiislamu ya kumwonjesha mtoto mchanga tende kaakaani mimi sigombani nayo. Naomba mtoto anyonye kwanza, kidole kioshwe kwa sabuni, iwe mara moja ikaishe hapo. Ninachokataa ni chupa ya maji ya zamzam au ya kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani) inayobaki kando ya kitanda. Ukitaka baba asikie, nenda kwa imamu: Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na Shirika la Afya Duniani nalo linasema miaka miwili au zaidi, pamoja na vyakula vingine baada ya miezi sita. Baba mwenyewe, kama ameajiriwa, ana wiki mbili za likizo yenye malipo. Azitumie kuzuia wageni.

Makopo

Hapa sina mengi. Tangu 2012 Kenya ina sheria ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama. Inakataza matangazo yake, na inakataza sampuli na zawadi kwa wahudumu wa afya. Akija mtu na kalenda ya ukutani na chakula cha mchana kwa wauguzi, mrudishie kalenda, na chakula pia. Mtoto anayehitaji maziwa ya kopo kwa sababu ya kitabibu atapewa na daktari.

Kazini

Likizo ya uzazi ni miezi mitatu, mtoto anahitaji sita. Hesabu haikubali, na pengo hilo lazima mwajiri alizibe. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka atenge chumba chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu au kifaa cha kupoza, umeme, meza ndogo na viti vya kukalika. Choo si chumba. Sheria hiyo inampa mama mapumziko ya kunyonyesha au kukamua, yenye malipo, yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na ya chakula. Mzazi wa hotelini Nyali au wa kiwandani aandike barua kwa meneja kabla hajaanza likizo, ataje sheria na mwaka wake, ataje saa anazopendekeza, abaki na nakala. Anayeuza mboga Kongowea hana wa kumwandikia. Yeye akae na mtoto, na wenzake wa meza za jirani wamshikie biashara anaponyonyesha.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Machi hapa kwetu joto hupita 30, kwa hiyo usihesabu saa hizo: yatie kwenye jokofu mara moja, upande wa ndani, si mlangoni, na yatumike ndani ya siku nne. Wa Likoni anayevuka feri jioni ayabebe kwenye mfuko wenye barafu. Kuyapasha, tumbukiza chombo kwenye maji ya moto, usiyachemshe. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo akiwa ameinuliwa, maziwa yaguse mdomo wake, arambe mwenyewe, usimmiminie. Na anayempa asiwe mama. Akisikia harufu yake atakataa kikombe na kudai ziwa.