Kabla ya kusambaza habari, tazama kitenzi

Ukikutana na habari nzito, tafuta kwanza kitenzi kinachobeba dai. "Polisi wamesema" ni kauli ya polisi tu. "Polisi wamethibitisha" ina uzito zaidi, ingawa mara nyingi mwandishi hana alichokagua zaidi ya kauli ileile. "Inadaiwa" na "inasemekana" zichunguze zaidi: nani anadai? Kama hatajwi hadi aya ya mwisho, hizo ni tetesi.

Kinachoniudhi hasa ni "huenda" kupotea njiani. Mtafiti anasema dawa huenda ikapunguza maumivu, aya ya nne inasema hivyohivyo, lakini kichwa cha habari kinatangaza: "Dawa ya maumivu yapatikana". Basi soma aya ya nne. Wanasayansi wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, wameyapa maneno yao vipimo: jambo "lenye uwezekano" ni asilimia 66 au zaidi, na "lenye uwezekano mkubwa sana" ni 90 au zaidi. Mhariri akiandika "litatokea", kipimo chote kimefutika.

Kwenye kesi ni rahisi: kabla ya hukumu ni mtuhumiwa au mshtakiwa. Ukisoma "muuaji", mwandishi amemtangulia hakimu.