Kutoa komiki yenu wenyewe na washkaji: anzeni na maneno

Wadau mnaochora, kama mko watatu wanne na mnataka kutoa komiki bila kusubiri mchapishaji, kuna kitu kimoja natamani mtu angenieleza kabla ya toleo letu la kwanza: maneno sio kitu cha kubandika mwishoni. Sisi tulichora kurasa zote 24, tukapaka rangi, afu ndo tukaanza kutafuta pa kuweka viputo, vile viduara vya maneno ya wahusika, matokeo yake ukurasa wa saba kiputo kikamfunika mama usoni, na ule uso ndo ulikua umebeba habari yote, mama analia. Mchoraji wetu alikaa siku mbili na ule uso. Inaniuma mpaka leo.

Sasa tuanze. Kabla hamjashika penseli kaeni chini mkubaliane mambo matatu: wahusika ni mali ya nani, hela ikiingia mnagawanaje baada ya kutoa gharama za kuchapa, na mtu akijitoa katikati zile kurasa zake zinakuaje. Andikeni kwenye karatasi moja kila mtu asaini, hata kama mmekua mtaa mmoja. Haki ya kazi inakua yenu tangu mnapoichora lakini mkiisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO kwa walio Kenya, mnakua na pa kushika likitokea la kutokea. Na huyu anayeandika maneno ndani ya viputo jina lake liwe kwenye kava pamoja na wengine, maana na yeye ni msanii.

Idadi ya kurasa igawanyike kwa 4, yani 16, 20, 24, kwa sababu A4 moja ukiikunja katikati inatoa kurasa nne za A5. Kwa kuanzia 16 zinatosha kabisa, jamani msianze na 60 mkaishia njiani.

Mwandishi akileta skripti, isomwe kwa sauti mbele ya timu nzima, kila mtu achukue mhusika wake. Hapo hapo mtasikia sentensi gani ni ndefu na ipi hakuna mtu wa mtaani anaongea hivyo. Bibi wa Tanga na dereva bodaboda wa Mbagala hawawezi kuongea sawa. Na kile ambacho picha inaonyesha usikiandike tena, kama jamaa amevimba kwa hasira tumeshaona.

Baada ya hapo mchoraji achore rasimu ndogo ndogo za kila ukurasa, kama saizi ya kiganja, na KWENYE HIZO HIZO aweke viputo. Hapa ndo siri yote ilipo. Sehemu ya juu ya kila fremu, yani kila kiboksi cha picha, iacheni wazi, hamna kichwa wala jengo la maana. Anayeanza kuongea asimame kushoto, kwasababu tunasoma toka kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini, ukimweka kulia itabidi mikia ya viputo ipishane kama nyaya za umeme na msomaji atasoma jibu kabla ya swali.

Haya, kuandika kwenyewe. Miongozo mingi ya mtandaoni inakwambia usizidishe maneno kadhaa kwa kiputo, ila imeandikwa kwa Kiingereza, na neno letu moja kama HATUKUKUAMBIA ni sentensi nzima kwao. Kwaio usihesabu maneno, hesabu mistari, ikizidi mitano gawa viputo viwili. Mistari ipange iwe mifupi juu na chini, mirefu katikati, ili ikae vizuri ndani ya duara. Mfano:

NILIKUAMBIA
USIENDE KULE LAKINI
HUKUNISIKILIZA

Ona inavyokaa. Ukiiacha programu ikupangie utapata HUKUNISI huku na KILIZA kule, inachosha macho. Kama hamna namna lazima neno likatwe, likate kwenye silabi na usitenganishe NG', NY, SH wala CH. Kati ya maneno na ukingo wa kiputo acha nafasi ya kama herufi moja pande zote, na mkia uelekee mdomoni, usielekee kifuani wala usiguse meno, uishie katikati ya safari.

Fonti, yani mtindo wa herufi: tovuti ya Blambot wana za bure kwa wanaojitegemea, soma masharti yao kabla ya kupakua. Afu kuna kitu kimetutesa sana hapa. Fonti nyingi za komiki zina I mbili, ukibonyeza herufi kubwa inatoka yenye vistari juu na chini, ukibonyeza ndogo inatoka mstari mtupu. Ile ya vistari Waingereza wanaitumia kwa neno lao la "mimi" tu, ambalo ni I peke yake. Kiswahili hakina neno la hivyo, kwaio sisi tunataka ya mstari mtupu kila mahali. Ukiandika na kapsi loki imewaka, SIJUI inatoka na vingazi viwili ndani yake na ukurasa mzima unakua mzito. Zima kapsi, andika herufi ndogo, fonti yenyewe itazitoa kubwa. Na kile kialama cha NG'OMBE kiwe na umbo la tisa, kisigeuke.

Programu zipo za bure, Krita na Inkscape kwa kompyuta, na kama una simu tu ibisPaint inafanya kazi. Wanaoandika kwa mkono napenda sana kazi yenu, ila piga mistari ya penseli kwa rula kwanza, na kumbuka ukichora A4 ikachapwa A5 kila kitu kinapungua mpaka kama asilimia 70, herufi ya milimita 3 itabaki 2 na kidogo, chini ya hapo watu wazima hawasomi.

Milio nayo, tuache kukopa ya komiki za Marekani wakati sisi tuna tanakali za kutosha. Mtu akianguka ni PU, akitumbukia majini CHUBWI, fimbo ikivunjika KACHA, watu wakinyamaza JII. Hizi asiandike mtu wa fonti, achore mchoraji mwenyewe ndani ya picha. Mwenzetu mmoja aliichora CHUBWI herufi za mwisho zimezama nusu kwenye maji, kila aliyeishika ile komiki alisimama pale.

Kwenye programu maneno yakae kwenye leya yake peke yake, yani tabaka lake juu ya picha, na mtunze faili la picha bila maneno, kuna siku mtakuta kosa la tahajia au mtataka kutoa kwa lugha nyingine. Maneno yasisogee ukingoni, acheni kama milimita 8, giloti, ile mashine ya kukatia karatasi, haina huruma, sisi sehemu moja walitukatia mpaka herufi. Weusi wa herufi uwe wino mweusi peke yake, mkichanganya rangi nne na mashine ikayumba kidogo tu herufi zinakua na kivuli. Pelekeni PDF. Kariakoo au River Road zungukeni maduka matatu kabla ya kulipa, na popote mtakapokubaliana ombeni nakala moja ya kwanza kabla hawajachapa zote.

Hiyo nakala mpe mtu ambaye hajawahi kuona kazi yenu, mdogo wako au jirani, mwambie asome huku anafuata kwa kidole. Usimweleze chochote, kaa pembeni uangalie kidole. Kikirudi nyuma, au kikisimama kinatafuta kiputo kinachofuata, weka alama kwenye fremu hiyo, rudini mkairekebishe usiku huo huo, afu ndo mchape 50 za kwanza.