Jinsi ya kuunganisha mfumo wa malipo na duka la mtandaoni nchini Uganda

Mwenye duka la mtandaoni nchini Uganda anayetaka kupokea malipo ajiulize kwanza wateja wake hulipa kwa njia gani, kabla hajauliza kampuni ipi ina ada nafuu. Wengi hulipa kwa simu, yaani kwa MTN Mobile Money, iliyoanza hapa nchini mwaka 2009, na kwa Airtel Money. Kadi za Visa na Mastercard huja baadaye, hasa pale duka linapopata wateja walio ughaibuni wanaowanunulia ndugu zao waliobaki nyumbani. Duka la Arua linalouza asali na mafuta ya shea kwa wateja wa Kampala halina budi kupokea mitandao yote miwili ya simu tangu siku ya kwanza, na kadi inaweza kungoja. Mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni huanza na Stripe, kampuni ya malipo ya Marekani ambayo haifungui akaunti kwa wafanyabiashara walioko Uganda, hivyo ni heri kuyapita mapema.

Njia rahisi kuliko zote ni kupata namba ya mfanyabiashara ya MoMo Pay au ya Airtel Pay, kuiandika kwenye ukurasa wa malipo, na kumwachia mteja wa MTN apige *165*3# alipe mwenyewe. Njia hii yafaa duka lenye oda chache kwa siku, kwa sababu mtu lazima akae akilinganisha kila ujumbe wa malipo na kila oda. Oda zikiongezeka, hitaji la kuunganisha huja lenyewe. Unaweza kuunganisha mfumo wako moja kwa moja na MTN na Airtel, kila mmoja kwa mkataba na taratibu zake, au ukapitia kampuni ya malipo inayokusanya mitandao yote miwili pamoja na kadi, kama Pesapal, Flutterwave, DPO Pay au Yo! Uganda. Kwa maoni yangu, duka lisilo na mtaalamu wa programu wa kudumu lipitie kampuni ya malipo, hata kama ada itazidi kidogo, kwani kutunza miunganisho miwili ni kazi isiyokwisha.

Kabla ya kutia saini, hakikisha kwamba kampuni hiyo ina leseni ya Benki Kuu ya Uganda. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2020 inailazimu kuwa nayo, na Benki Kuu huchapisha orodha ya waliopewa leseni kwenye tovuti yake. Uliza pia fedha zako zitahamishiwa benki baada ya siku ngapi, na kama kila uhamisho una ada yake. Usiziache zikalundikana kwenye akaunti ya kampuni ya malipo. Mwezi wa Oktoba 2020 wadukuzi waliingilia mfumo wa kampuni moja iliyokuwa ikiunganisha benki na mitandao ya simu, na miamala kati ya benki na mitandao hiyo ikasimamishwa kwa muda. Biashara iliyokuwa imekwisha kuhamisha mauzo yake ilikuwa na la kutumia wakati huo.

Nyaraka zinazotakiwa ni cheti cha usajili kutoka URSB, idara ya usajili wa biashara, kiwe cha kampuni au cha jina la biashara, namba ya mlipakodi (TIN) ya mamlaka ya mapato, URA, vitambulisho vya wamiliki, na akaunti ya benki. Kinachochelewesha maombi mara nyingi ni majina kutofautiana: cheti kinasema hivi, akaunti ya benki inasema vile, na tovuti ina jina la tatu. Yasawazishe kabla ya kutuma. Tovuti nayo iwe na anwani, namba ya simu inayopokewa, masharti ya kurudisha bidhaa, na maelezo ya jinsi taarifa za wateja zinavyotunzwa, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inalitaka kwa yeyote anayekusanya majina na namba za watu.

Akaunti ikishafunguliwa utapewa funguo za siri za aina mbili, za majaribio na za kazi halisi. Funguo hizi hukaa kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha duka lako, peke yake. Hazipaswi kuonekana kwenye msimbo unaosomwa na kivinjari cha mteja, wala kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Anayeunganisha moja kwa moja na MTN asishtuke kuona mazingira ya majaribio yakifanya kazi kwa euro badala ya shilingi, kwani ndivyo yalivyowekwa, ila akumbuke kubadilisha sarafu anapohamia kazi halisi.

Mipangilio miwili midogo huleta taabu kubwa isipoangaliwa. Wa kwanza ni senti. Shilingi ya Uganda haina senti katika matumizi, na viwango vya kimataifa vinaihesabu kama sarafu isiyo na desimali, ilhali programu nyingi za maduka zimetayarishwa kwa dola. Ukitumia WooCommerce, programu ya duka ya tovuti za WordPress, weka idadi ya desimali kuwa sifuri, kisha ujaribu kwa oda ya bei ndogo uone kwamba asali ya shilingi 45,000 haifiki kwenye simu ikiwa 450 wala 4,500,000. Wa pili ni namba ya simu. Mteja mmoja ataanza na 07, mwingine na +256, mwingine ataweka nafasi katikati. Mfumo wako uzigeuze zote ziwe 256 ikifuatwa na tarakimu tisa kabla ya kuzituma.

Sehemu inayostahili uangalifu kuliko zote ni uthibitisho, na hapa ndipo mafundi wengi huharakisha. Mteja akibonyeza kitufe cha kulipa, seva yako hutuma ombi, na MTN hujibu kwa namba 202, maana yake ombi limepokelewa. Hakuna fedha iliyohama bado. Ujumbe unajitokeza kwenye simu ya mteja ukitaja kiasi na jina la mpokeaji, naye aidha ataweka namba yake ya siri, ataghairi, ataachia muda upite, au atagundua kwamba salio halitoshi. Kwa muda huo wote hali ya muamala ni PENDING, na oda yako inapaswa kubaki hivyo hivyo mpaka igeuke kuwa SUCCESSFUL au FAILED.

Kampuni ya malipo itakutumia taarifa muamala unapobadilika, lakini taarifa hiyo pekee isiamuliwe kuwa malipo. Ya Pesapal, kwa mfano, huleta namba ya ufuatiliaji na namba ya oda yako. Seva yako ndiyo inayopaswa kurudi kuuliza hali ya muamala huo, kisha kulinganisha kiasi, sarafu na namba ya oda na kile ulichoandika mwenyewe kwenye kumbukumbu zako. Vikilingana, ndipo oda itiwe alama ya kulipwa, mara moja tu, hata taarifa ileile ikifika mara tatu. Taarifa isipofika kabisa, kwa kuwa seva ilizimika au mtandao ulikatika, kazi ya kujirudia kila baada ya dakika chache iulize hali ya oda zote ambazo bado ni PENDING. Picha ya skrini ya ujumbe wa malipo isikubaliwe kamwe kuwa sababu ya kumpa bodaboda mzigo, kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo hughushiwa kwa urahisi mno.

Upande wa hesabu, andika mauzo kwa kiasi alicholipa mteja, na ada iwe gharama yake peke yake. Tuseme ada ni asilimia 3: oda ya 45,000 itakuachia 43,650, na ukiandika 43,650 kuwa mauzo, risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA unaowahusu waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), haitakubaliana na vitabu vyako. Ukichagua kutoa fedha taslimu kwa wakala badala ya kuzihamishia benki, utakatwa pia kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, mbali na ada ya kutolea.

Kurudisha fedha kuna utaratibu wake. Kwa simu, mara nyingi hufanywa kama malipo mapya kutoka kwako kwenda kwa mteja, hivyo lazima uwe na salio kwenye akaunti ya kulipia, na ada ya muamala wa kwanza kwa kawaida hairudi. Mfanyakazi anayeidhinisha asiwe yuleyule anayetuma, na fedha zirudi kwenye namba ileile iliyolipa, si namba mpya ambayo mteja ameitaja kwa simu.