Ukitaka wazee wakupe habari za sinema ya zamani, anza na mabuyu

Mara ya kwanza mimi niliharibu kabisa. Nlienda kwa ami yangu barazani Kibokoni, hapa Mombasa, na daftari na simu ya kurekodi, nikamuuliza, "Ami, mlikuwa mkiona filamu gani?" Akakuna kichwa, akasema "za Kihindi", akarudi kwa kahawa yake. Basi, ikaishia hapo.

Kwa hivyo usianze na filamu, hizo zishachanganyika kichwani, kila moja watu wanaimba na kulia. Anza na tumbo. Wiki ya pili nilirudi na kifuko cha mabuyu nikakiweka kati yetu, nikauliza tu intavali mlikuwa mnakula nini, na wallahi mzee alifunguka mpaka maghrib. Kachiri za muhogo kwa karatasi ya gazeti, zimemwagiwa pilipili na ndimu, na mzee wa achari alikuwa akisimama upande wa stoli, vile viti vya chini, sababu watu wa balkoni hawashuki, na siku moja ami kachiri alizificha mfukoni mwa kanzu mafuta yakatoka nje, kurudi nyumbani mamake kuona lile doa akajua kijana hakuonekana chuo cha Kurani. Hapo ndo nikajua alikuwa akienda ile shoo ya saa tisa. Ningemuuliza saa asingekumbuka.

Akishapata moto mpe karatasi kubwa na kalamu. Chora mlango wa sinema katikati, iwe Regal, Naaz, Majestic, yoyote ile yao, halafu yeye ajaze: fundi cherehani wapi, kinyozi wapi, duka la mpiga picha, wa juisi ya miwa. Wewe nyamaza. Akikwambia Salim Road usihangaike kuitafuta kwa simu, ni Digo Road hiyo, na Kilindini Road ni Moi Avenue. Andika majina yote mawili na usimsahihishe, mimi nilijifanya mjuaji hapo akanuna, ikabidi niagize kahawa nyingine.

Miaka sasa. Ukiuliza mwaka utaambiwa "zamani, hujazaliwa wewe", kwa hivyo uliza pesa. Kama alinunua mabuyu kwa senti kumi ile yenye tundu katikati, hiyo ni pesa ya Afrika Mashariki, maana sarafu za Kenya zilipotoka 1966 hazikuwa na tundu, ingawa zile za zamani ziliendelea kutumika miaka michache. Na kama kuna binamu alikuwa akija kutoka Nyali kwa lile daraja la kuelea, basi ni kabla ya 1980, daraja jipya lilipofunguliwa. Hivyo viwili vinatosha, usimchoshe mtu.

Kina mama waulize kivyao tena mbali na waume zao, utanishukuru. Mama mdogo alinipa habari ambazo ami hata hazijui. Wao walikuwa na shoo ya wanawake peke yao, mabuibui yanavuliwa ndani, watoto wanalia, na macho si kwa hadithi, ni kwa nguo. Akiona kola ameipenda anaishika kichwani mpaka Biashara Street, anapima kitambaa, anamchorea fundi kwa chaki mezani, "hapa iinuke, hapa ikunje". Alinichorea mimi pia, kwa kidole, juu ya kitambaa cha meza, na ile kola niliiona kabisa. Kama ana leso za enzi zile mwambie azitoe sandukuni, akisoma jina la leso lazima atakumbuka alinunuliwa na nani, na hapo usiulize zaidi kama hakutaka mwenyewe.

Simu usiiweke chini ya feni, nilipoteza rekodi nzima hivo, nasikia upepo tu. Na jaribu mkutanishe wawili waliokaa mtaa mmoja, watabishana, wacha wabishane, we rekodi tu. Ami anasema mzee wa achari alikuwa kona ya duka la vitambaa, mama mdogo anasema hapana, ng'ambo ya barabara kwa kinyozi, na hakuna aliyekubali kushindwa. Kwenye ramani yangu yuko pande zote mbili.